Jinsi ya kuandaa chemsha bongo ya mtaa hapa Amu (Lamu), maswali yashike na watu wasinuniane

Assalam aleykum jamaa. Ramadhani ikikaribia meseji huwa nyingi, mtu wa Langoni, mwengine wa Shela, mwengine yuko Faza, wote wauliza jambo moja tu, ile chemsha bongo ya barazani baada ya tarawehe yaandaliwa vipi, maswali yatoka wapi, na wazee wakalishwa vipi mpaka saa sita ya usiku bila mtu kuondoka kwa hasira. Basi nimeamua niandike yote pamoja, na hata ukiwa Malindi waweza kuyatumia, badilisha majina ya mitaa tu.

Naanza na hili manake ndilo kubwa. Spika, mikeka, zawadi, hivo vyote ni vya kuongezea. Kinachofanya usiku uwe mzuri ni maswali. Swali lenye jibu moja thabiti lafanya watu wakune vichwa, wabishane kidogo kwa timu, alafu jibu likisomwa baraza nzima yaguta "kumbe!" Swali lenye majibu mawili lafanya watu wazima wakatizane maneno na asubuhi sokoni salamu zawa nzito. Kwa hivo kwa maswali ntakaa sana, hayo mengine ntayapita mbio.

HATUA YA 1: Siku na mahali

Usitangaze saa, sema tu baada ya tarawehe, watu waje washashiba na washapumua. Nje ya Ramadhani, usiku wa kuamkia Ijumaa ni mzuri. Lakini kabla hujatangaza angalia ratiba ya mpira, mechi kubwa za Ulaya mara nyingi ni Jumanne na Jumatano na siku hizo vijana huwapati hata uwape nini.

Baraza yoyote pana yatosha. Pale Mkunguni mbele ya ngome ni pazuri zaidi ila ongea na wahusika mapema. Kina mama wengi hupenda yao wenyewe, uani ama dakani, na zao huwa kali kweli kweli, kwa hivo wape maswali yale yale usiku ule ule alafu mulinganishe alama, utaona vile watu watakavokaza. Weka taa ya chaji karibu, stima haina ahadi.

HATUA YA 2: Kugawa timu

Watu wanne ama watano kwa timu, wakizidi hapo wawili wanafikiri na wengine wanakunywa kahawa. Kila mtu atataka iwe Mkomani na Langoni, na kweli ushindani huo ni wa zamani na waleta watu wengi, ila shida ni kwamba upande mmoja waweza kupata walimu wote na mchezo ukaisha raundi ya pili. Mimi nachanganya. Kila timu iwe na mzee mmoja, mwanafunzi wa sekondari mmoja, mtu wa baharini mmoja na yule kijana ambaye mpira aujua mpaka majina ya marefa. Timu ikiwa hivo hakuna anaekaa kimya usiku mzima, na hilo ndilo ninalolitaka, mvuvi ambaye hakumaliza shule apate swali lake na wote wamtazame yeye.

Majina ya timu tumia miji ya kwetu, Takwa, Shanga, Siyu, Pate. Kuna watoto wazaliwa hapa na wakua hawajui Takwa ni wapi, na ni hapo ng'ambo Manda tu. Akiitwa timu Takwa mwezi mzima, mwisho wake atauliza, na wiki ijayo ataomba apelekwe akaone yale magofu.

HATUA YA 3: Kutunga maswali, hapa usiwe na haraka

Maswali 30 yatosha kwa usiku mmoja, pamoja na mengine 5 ya akiba. Anza na vitu ambavyo watu waviona wakiwa wamekaa pale pale barazani, alafu toka nje polepole mpaka ufike Ulaya na mwezini. Mtu akishapata swali la kwanza la mtaani kwake moyo watulia, hata ukimpeleka kwa sayari hatoogopa.

Mfano, ngome yetu. Usiulize "ngome ilijengwa lini" manake ujenzi ulichukua miaka, mmoja atasema 1813 na mwengine 1821 na wote wana hoja. Uliza "ngome ya Lamu ilikamilika mwaka gani?" basi jibu ni 1821 peke yake. Ama uliza ilianza kujengwa baada ya vita gani, jibu ni vita vya Shela. Mji wetu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka gani? 2001. Haya ni mepesi, ni ya kuwapasha watu moto.

Alafu kuna aina ya swali nalipenda kuliko yote, naliita swali la ngazi. Jibu ni moja lakini unatoa dokezo tatu, la kwanza gumu lina pointi 3, la pili pointi 2, la tatu rahisi pointi 1, na timu ikishaandika jibu haibadilishi. Hili hapa moja kamili, waweza kulitumia lilivo:

Pointi 3: Mwaka 1890 nchi hii ilipewa na Uingereza kisiwa kidogo cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini kule Ulaya.
Pointi 2: Tangu 1885 nchi hii ilikuwa yalinda usultani wa Witu, hapo bara yetu.
Pointi 1: Mwaka 1888 ilifungua posta hapa hapa Amu, na nyumba yenyewe mpaka leo watu wapita mbele yake wakienda sokoni.

Jibu ni Ujerumani. Sasa angalia uzuri wake, mwanafunzi wa historia aweza kulipata kwa Heligoland, mzee alipata kwa Witu manake hadithi za Witu amezisikia kwa babu yake, na yule ambaye hajui yote hayo alipata kwa posta. Na ukishasoma jibu unawaelezea kwa ufupi kwamba ni mkataba mmoja ule ule, Wajerumani wakaacha Witu na wakakubali Uingereza ichukue ulinzi wa Zanzibar, wao wakapata kisiwa cha mawe huko kwao kwenye baridi. Hapo baraza yote itaanza kuongea, wacha waongee dakika mbili.

Ya Wachina pia yapendwa sana. Mwaka 2013 watafiti walichimbua kitu gani cha Kichina hapo Manda? Sarafu, ya wakati wa mfalme Yongle aliyetawala 1402 mpaka 1424. Na lake la pili, mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme huyo huyo wa China zawadi gani ya mnyama? Twiga. Kule walimfananisha na mnyama wa hadithi zao za baraka.

Sayansi nayo isiwe ya kitabu tu. Hapa tumezungukwa na bahari na bahari yenyewe ni maabara, kwa hivo sayansi yangu nyingi natoa huko. Bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, huja mara ngapi kwa mwezi mwandamo na kwanini? Hili nalipa pointi 2, moja ya idadi na moja ya sababu. Mvuvi atasema mara mbili, mwezi mpevu na mwezi ukiandama, bila hata kufikiri. Mwanafunzi ataongeza kwamba siku hizo jua, mwezi na dunia viko kwenye mstari mmoja kwa hivo mvuto wa jua na wa mwezi wafanya kazi pamoja. Nimeona kijana na baba yake mdogo waligawana swali hili, mmoja kajibu nusu na mwengine nusu, walishikana mikono kama wamefunga goli la fainali.

Mengine ya baharini: pweza ana mioyo mingapi (mitatu, na damu yake ni buluu kwa ajili ya shaba iliyo ndani). Mnyama gani wa baharini ambaye jamaa yake wa karibu aliye bara ni ndovu? Nguva. Hili watu hawaliamini mpaka uwaambie mara mbili. Na kasa, ni kitu gani huamua yai litoe jike ama dume? Joto la mchanga, mchanga ukiwa na joto zaidi watoka majike wengi. Watu wa Kiunga, ambako kasa hutaga, hili huwa walidaka mbio.

Kutoka baharini panda angani, na hapa tuna bahati kubwa ambayo shule nyingi hazifundishi vizuri. Satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota ilirushwa kutoka wapi na yaitwa nani? Yaitwa Uhuru, na ilirushwa kutoka kwa lile jukwaa la Waitaliano lililoko baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndio ikapewa jina hilo. Vipimo vyake vilisaidia sana wanasayansi kukubali kwamba kile kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002. Wallahi kila nikilisoma swali hili kuna mtu mzima asema "hapa hapa pwani?" Ndio, hapa hapa.

Sanaa na utamaduni usiweke mwisho watu wakiwa wana usingizi. Nani aliandika utenzi wa wosia kwa binti yake mwaka 1858, naye ni mzaliwa wa Pate? Mwana Kupona, na hili kina mama hawalikosi. Sauti ya wimbo wa taifa la Kenya imetokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa kabila gani? Wapokomo, majirani zetu wa Tana. Rais gani wa Afrika alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili? Nyerere, ndiye wa Mabepari wa Venisi. Msanii gani wa taarab wa Zanzibar alienda mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri? Siti binti Saad. Mzanzibari gani alipata Nobel ya fasihi mwaka 2021? Abdulrazak Gurnah. Na moja ya Ulaya, picha gani maarufu iliibwa Louvre mwaka 1911 na ikapatikana 1913? Mona Lisa.

Mpira weka maswali mawili matatu basi. Yakizidi, wazee wanaanza kuangalia saa. Kombe la dunia la kwanza lilichezwa nchi gani na mwaka gani (Uruguay, 1930), timu gani ya Afrika ilikuwa ya kwanza kufika nusu fainali (Moroko, 2022), yatosha.

HATUA YA 4: Kulijaribu jibu kabla halijakujaribu wewe

Hapa ndipo wengi wanapopita mbio na hapa ndipo ugomvi unapotoka. Kila swali likae mbele yako na uliulize mambo matatu.

Kwanza, je kuna jibu lengine ambalo mtu mwenye akili timamu aweza kulitetea? "Mto mrefu kuliko yote duniani" wengi watasema Nile lakini kuna wanaosimama na Amazon na vipimo vyao wanavyo, kwa hivo achana nalo, uliza Nile yamwaga maji yake bahari gani, jibu Mediterania. "Nani aligundua Amerika" hilo hata usiliguse, watu walikuwa waishi kule maelfu ya miaka, uliza Columbus alivuka Atlantiki mara ya kwanza mwaka gani, 1492. "Mji mkuu wa Afrika Kusini" nao uko mitatu, Pretoria, Cape Town na Bloemfontein, kwa hivo lifanye hilo liwe ndio swali lenyewe, ina miji mikuu mingapi.

Pili, je jibu lazeeka? Maswali ya rekodi na ya viongozi ni kama samaki, ya jana hayauziki leo. Usiulize nani ashikilia rekodi ya marathoni, uliza nani alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, ni marehemu Kelvin Kiptum na hilo halitobadilika milele. Vitabu vya zamani vyasema sayari ni tisa, tangu 2006 Pluto ilitolewa zikawa nane. Vyasema mji mkuu wa Burundi ni Bujumbura, sasa wa kisiasa ni Gitega. Nchi za Afrika zilizo wanachama wa Umoja wa Mataifa ni 54, tangu Sudan Kusini iingie 2011. Kila jibu la aina hii andika pembeni tarehe uliyoliangalia.

Tatu, je ni kweli ama ni maneno ya watu? Ukuta wa China hauonekani kutoka mwezini kwa macho matupu, ila utaulizwa hivo kila mahali. Nundu ya ngamia ina mafuta, haina maji. Na hili letu la pwani ambalo nitalisema kwa urefu kidogo kwa sababu laleta ugomvi kila mara: rubani aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi mpaka India mwaka 1498 alikuwa nani? Watu wengi, hata walimu, watajibu Ahmad ibn Majid na watakuapia. Ibn Majid alikuwa bingwa wa bahari kweli na vitabu vyake vya urambazaji vyajulikana dunia nzima, lakini Wareno wenyewe waliokuwa safarini hawakumtaja, maandishi yao ya zamani yasema ni Mgujarati, na habari ya Ibn Majid yatoka kwa mwandishi wa Kiarabu wa miaka mingi baadae. Wanahistoria wengi wa leo wameikataa. Sasa ukiweka swali hilo umejitafutia maneno bure, mzee akisema Ibn Majid utamnyima pointi mbele ya watu? Liulize hivi: Vasco da Gama alipata rubani wa kumvusha mpaka India kwenye mji gani wa pwani yetu? Malindi. Hapo hakuna wa kubisha, na habari ya rubani waeleze baada ya jibu, kwa heshima, kama nyongeza.

Wakati mwengine habari ni ya kweli na ubovu uko kwenye maneno tu. Chukua ndui. Ukiuliza "mtu wa mwisho duniani kuugua ndui aliugua nchi gani" utafikiria jibu ni Somalia, mji wa Merca, mwaka 1977, hapo juu tu ya pwani yetu. Lakini mwaka 1978 kulikuwa na maambukizi yaliyotoka maabara huko Birmingham, Uingereza, na kijana mmoja wa kidato cha nne akilijua hilo, swali lako limekwisha. Ongeza maneno machache: "mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, si ya maabara." Sasa Somalia imesimama imara. Alikuwa mpishi wa hospitali, alipona, na mwaka 1980 shirika la afya duniani likatangaza ndui imeisha. Maneno machache hayo ndio tofauti kati ya jaji kulala vizuri na jaji kupigiwa simu alfajiri.

Na jibu ulitafute sehemu mbili ambazo hazijanakiliana. Meseji za kusambazwa za WhatsApp hazihesabiki hata zikiwa kumi, zote ni moja. Zile programu za simu ambazo waziuliza kitu na zakujibu hapo hapo, zitumie kupata wazo tu, jibu lake lazima ukalihakikishe kwengine manake zasema uongo kwa sauti ile ile ya ukweli. Ukikosa sehemu ya pili, swali lenyewe litupe. Usilionee huruma, yako mengi.

HATUA YA 5: Kuyapanga

Mepesi, magumu, mepesi tena. Usipange kutoka rahisi mpaka gumu mstari mmoja, timu iliyoachwa nyuma itakata tamaa kwa raundi ya mwisho. Na usiweke historia zote pamoja, changanya, baada ya Heligoland leta pweza.

Kuna kipimo nachotumia, swali ambalo nadhani hakuna timu hata moja italipata nalitoa, na swali ambalo zote zitalipata nabakisha mawili tu, la kufungulia na la kufungia. Yalobaki yawe yale ya nusu kupata nusu kukosa, hapo ndipo alama zinapoachana.

HATUA YA 6: Usiku wenyewe

Simu zote ziingie kwenye pakacha, na pakacha likae mbele ya msomaji. Msione haya, hata ya imamu iingie. Kila timu karatasi na biro, majibu yaandikwe, sio kupiga kelele, manake mwenye sauti kubwa sio mwenye akili kubwa.

Soma swali mara mbili, polepole, mara ya pili bila kubadilisha neno hata moja. Ukibadilisha neno timu moja itasema ilijibu la kwanza na nyengine ilijibu la pili. Wape nusu dakika, maswali ya pointi 2 wape dakika nzima. Majibu soma mwisho wa raundi ya maswali sita, sio baada ya kila swali, hivo kila timu yabaki na matumaini mpaka raundi iishe.

Kila jibu liwe na kihadithi chake kifupi cha sentensi mbili. Jibu kavu lapotea, jibu lenye hadithi mtu aenda nalo nyumbani amwambie mkewe. Ila sentensi mbili, usihutubie.

Na hii ni ya kwetu kabisa, msiiwache. Swali likizishinda timu zote, msomaji asitoe jibu bure. Aseme "nipeni mji!" vile vile kama kwenye vitendawili, watu wachague, "chukua Pate!" naye aseme "sitaki," "chukua Mombasa!" "hapo sawa, nilienda Mombasa nikala biriani la mbuzi…" aringe kidogo alafu ndio alitoe jibu. Wazee hapo ndipo wanapochangamka, na watoto wanaosikia mchezo huu mara ya kwanza huurudia kwao mpaka mchana.

HATUA YA 7: Jaji na ubishi

Msomaji asiwe jaji. Tafuteni mtu mmoja wa makamo, mtulivu, ambaye pande zote wamheshimu, maalim wa madrasa ama mwalimu mstaafu, na mumpe karatasi ya majibu mapema, ailale nayo. Kabla ya swali la kwanza atangaze kanuni: tahajia haihesabiki, Giacconi akiandikwa Jakoni ni sawa. Mwaka ni mwaka, hakuna "karibu karibu". Jina la pili latosha kama halichanganyi watu. Anaebisha, kepteni wa timu peke yake ndiye asemaye, mara moja, kwa adabu, "samahani maalim, sisi twaonelea hivi," na maalim akishaamua imeisha.

Hoja ikiwa ina uzito kweli na jaji hawezi kuhakikisha pale pale, asigawe pointi nusu nusu. Alifute swali kwa timu zote na lisomwe moja la akiba. Nusu pointi ndio mama wa ugomvi.

HATUA YA 8: Sare na zawadi

Timu mbili zikilingana usiulize swali la kujua ama kutojua, uliza la namba na aliye karibu zaidi ashinde, huwezi kupata sare ya pili kirahisi. Kutoka duniani mpaka mwezini ni kilomita ngapi kwa wastani? 384,400. Kilimanjaro ina urefu wa mita ngapi? 5,895. Mlima Kenya? 5,199. Mwanga wa jua huchukua muda gani kufika kwetu? Dakika 8 na sekunde 20 hivi. Kila timu iandike siri, mufungue pamoja.

Zawadi iwe ya kuliwa ama ya kutumiwa, sahani ya halua, kilo ya tende, bando la simu kwa vijana. Pesa za kiingilio ambazo mshindi azichukua msikusanye kabisa, hiyo yaingia kwenye kamari na wazee wakikataa kuja wana haki yao. Muombe mwenye duka mmoja ama wawili wa mtaani watoe, wengi hutoa kwa roho safi ukiwaambia mapema na ukiwataja jina mbele ya watu usiku ule.

HATUA YA 9: Asubuhi yake

Maswali yote yaingie daftarini, na kila moja pembeni yake andika tarehe lililosomwa, timu ngapi zilipata na kama lilibishiwa. Lililobishiwa liangalie upya ukiwa umetulia, alafu tuma jibu kamili kwa grupu ya mtaa kabla ya magharibi, na kama timu iliyobisha ilikuwa na haki sema wazi kwamba ilikuwa na haki na muiongezee pointi zake. Lililopatwa na timu zote lifute. Lililopatwa na timu moja tu liweke akiba kwa mwakani, na usimpe mtu daftari hilo ashike hata kama ni nduguyo wa tumbo moja.

Mwenye maswali ya Siyu, Faza na Kizingitini ambayo ameyahakikisha sehemu mbili anitumie, raundi ya visiwa vya juu bado ni fupi.